NGELI ZA VIFAA: UMBO NA TABIA KATIKA ISTILAHI ZA KOMPYUTA

1. Utangulizi

Katika kusahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwandishi wa makala haya alikutana na sentensi hii: "Makompyuta yalikataa kusoma flashi yangu, lakini kipanya kilikuwa kikifanya kazi." Alipiga mstari mwekundu chini ya neno la kwanza, akaandika pembeni: kompyuta zilikataa. Mwanafunzi akapoteza alama moja. Siku ya pili alikuja kuuliza, kwa adabu, ni nani aliyeiweka kompyuta katika ngeli ya I-ZI, na kama huyo aliyeiweka alikuwa na sababu inayoweza kuelezwa. Jibu alilopewa lilikuwa la haraka: ndivyo kamusi zisemavyo. Hilo halikuwa jibu, na mwanafunzi aliondoka akijua hivyo, kama alivyojua mwalimu wake.

Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi. Twakusudia kuhakiki njia zinazotumika kuviainisha vifaa vya kompyuta katika Kiswahili, na kwa ajili hiyo tutaanza mahali ambapo mhakiki wa lugha hapiti mara kwa mara, yaani ndani ya kompyuta yenyewe. Mashine hii nayo ina ngeli zake. Inalazimika kila siku kupokea vitu vigeni kupitia tundu moja, na kuamua kila kimoja ni cha jamii gani. Tutaonyesha kwamba njia inayotumia inafanana na sarufi yetu kwa mambo fulani, na kwamba pale zinapoachana ndipo penye fundisho kubwa zaidi kwa mwalimu na kwa mwunda istilahi.

2. Tundu moja kwa vifaa vyote

Zamani kila kifaa cha kompyuta kilikuwa na tundu lake. Kibodi ilikuwa na plagi ya duara. Printa ilikuwa na plagi pana ambayo tundu lake kwenye kompyuta lilikuwa na nafasi 25 za pini. Modemu, na vipanya vya awali, vilitumia plagi ndogo ya pini 9. Mtu aliyetazama nyuma ya kompyuta aliweza kutambua kwa macho waya huu ni wa nini na ule ni wa nini. Umbo la plagi ndilo lililokuwa jina la kifaa.

Mwaka 1996 kampuni 7, zikiwamo Intel, IBM, Microsoft, Compaq na NEC, zilitoa kanuni ya kwanza ya tundu la pamoja liitwalo USB. Tangu hapo kibodi, printa, kamera, spika na flashi zote huingia kwa plagi ya namna moja. Faida yake ni dhahiri. Lakini swali jipya lilizaliwa: ikiwa umbo halisemi tena kitu, kompyuta itajuaje imechomekewa nini?

Kanuni hiyo ilijibu hivi. Kifaa kinapochomekwa hakina anwani yake. Kompyuta huzungumza nacho kwa anwani 0, kisha hukipa namba iliyo kati ya 1 na 127. Baada ya hapo hukitaka kijieleze. Kifaa hutoa namba ya mtengenezaji wake, namba ya bidhaa, na namba ya kundi. Kundi 01 ni la vifaa vya sauti. 03 ni la vifaa vinavyotumiwa na mkono wa binadamu, kama kibodi na kipanya. 07 ni la printa. 08 ni la vifaa vya kuhifadhi, kama flashi. 09 ni la vigawanyio vinavyolifanya tundu moja kuwa mengi. Mfumo wa uendeshaji, uwe ni Windows au Linux, hutumia maelezo hayo kutafuta programu inayoweza kukiongoza kifaa hicho. Windows hutafuta kwanza programu inayolingana na mtengenezaji na bidhaa ile hasa. Ikiikosa, huridhika na ile ya kundi zima. Ikikosa yote mawili hukiandika kuwa ni kifaa kisichojulikana, nacho hubaki pale kikipokea umeme bila ya kufanya kazi yoyote.

Ndiyo maana flashi iliyonunuliwa kwenye kibanda cha Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru, isiyo na jina la mtengenezaji yeyote anayefahamika, hufunguka sawasawa katika kompyuta ya Njoro, ya Molo au ya Tokyo. Kompyuta haimjui mtengenezaji. Inalijua kundi 08, na kwa kulijua kundi inajua namna ya kusema nacho: soma hapa, andika hapa.

3. Umbo na tabia

Msomaji wa jarida hili atakuwa ameanza kuuona ufanano. Wataalamu wa kwanza wa lugha za Kibantu, Bleek katika karne ya 19 na Meinhof baada yake, waliziorodhesha ngeli na kuzipa namba kwa kutazama viambishi vya nomino. Mtu na watu, kiti na viti, mti na miti: kiambishi kilikuwa plagi, na kwa kuitazama plagi uliijua jamii. Naye Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, alitafuta dhana iliyojificha chini ya kila ngeli: watu hapa, miti pale, vyombo na vitu vidogo kwingine. Walimu wetu wengi walirithi njia hizo mbili, wakazungumza juu ya ngeli ya M-WA, ya M-MI, ya JI-MA na ya KI-VI.

Baadaye shule za Kenya ziliingia katika njia ya tatu. Leo mtoto wa shule ya msingi hafundishwi M-WA bali A-WA. Hafundishwi JI-MA bali LI-YA. Kinachotazamwa si mwanzo wa nomino bali kiambishi kinachotokea katika kitenzi. Sababu ya mageuzi haya ni nzito. Kifaru na kiboko wana plagi ya KI-VI, lakini hatusemi kifaru kimekufa ila pale tunapotaka kumdunisha. Twasema kifaru amekufa, vifaru wamekufa. Kipofu ameona, kijana amerudi. Umbo lasema hivi, tabia yasema vingine, na katika sarufi ya Kiswahili tabia ndiyo yenye neno la mwisho.

Neno kipanya laonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote. Kipanya amekatwa mkia, na kipanya kimekatika waya. Nomino ni ile ile, herufi kwa herufi. Aliyesikia kitenzi amejua kama tunazungumzia mnyama aliye ghalani au kifaa kilicho mezani. Ndivyo ilivyo kwa spika: Spika ameahirisha kikao, spika imepasuka. Hapa lugha inafanya kazi ile ile inayofanywa na kompyuta mbele ya tundu la USB. Imeacha kuamini umbo, kwa sababu umbo limekuwa moja kwa vitu vingi, na imetafuta alama ya tabia.

Hata hivyo, orodha za shule zimefika nusu ya safari tu. Zimehama kutoka umbo hadi upatanisho, lakini zingali zinamfundisha mtoto kwamba kila nomino ina ngeli moja, nayo hukaa humo daima. Tuchukue neno rafiki. Mwalimu atasema liko katika A-WA, kwa kuwa twasema rafiki amekuja. Lakini twasema pia rafiki yangu amekuja na rafiki zangu wamekuja. Kitenzi kimechukua A-WA, kimilikishi kimechukua I-ZI, na sentensi ni safi kabisa. Vivyo hivyo ndugu, dada, mama na shangazi. Tuziweke wapi nomino hizi?

Kanuni ya USB ililijua tatizo la namna hii. Vipokea sauti vya masikioni vyenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti ni kitu kimoja mkononi, lakini ndani yake mna vitu viwili: kipande cha sauti kilicho katika kundi 01, na vitufe vilivyo katika kundi 03. Kifaa cha namna hii huweza kuandika 00 mahali pa kundi lake, na maana ya 00 ni kwamba: usiniulize mimi mzima, uliza kila upande wangu. Kompyuta basi huuliza upande mmoja mmoja, na kuupa kila upande programu yake. Rafiki ni nomino ya 00. Ngeli yake haiko ndani yake. Iko katika kila kiungo inapokutana na neno jingine. Nasi twadai kwamba huu si upekee wa maneno machache ya ujamaa. Ndiyo hali ya ngeli kwa jumla, isipokuwa katika nomino nyingi pande zote huafikiana, na kwa hiyo hatuoni kwamba ni nyingi.

4. Mgeni na mwenyeji

Lakini ufanano una mpaka wake, na kuusukuma kupita mpaka huo ni kupotosha. Kifaa cha USB hutoka kiwandani na kundi lake, nacho hujitangaza. Neno la kigeni halitangazi chochote kuhusu ngeli za Kiswahili. Mwarabu aliyesema kitab hakuwa na KI-VI akilini. Sauti ya ki ilikuwa sehemu ya mzizi wake. Waswahili waliisikia, wakaiona plagi wanayoijua, wakasema kitabu na vitabu. Karne nyingi baadaye madereva wa Tanzania walifanya vivyo hivyo kwa amri ya Kiingereza ya kuwataka wapite kushoto: wakapata kipilefti na vipilefti. Kinga ya matope ya gari ilisikika kama wingi, madigadi, kwa hiyo umoja wake ukawa digadi. Na waya, neno ambalo bila yake makala haya yasingeandikika, lilionekana kuwa na kiambishi cha u kilichogeuka w mbele ya irabu, kama wayo na wakati. Likapata wingi wa nyaya. Hakuna Mwingereza aliyekusudia wala kuota nyaya.

Maana yake ni kwamba katika lugha ni mwenyeji anayetoa ngeli. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; hawasemi mgeni aje na jembe lake. Tofauti hii si ndogo. Kompyuta, kwa kuwa inaamini tangazo la kifaa, hudanganyika. Mashine ya kusomea mistari ya bei katika maduka makubwa, hata yale ambayo historia yake ilianzia Nakuru, mara nyingi hujitangaza kuwa ni kibodi, na kompyuta hupokea bei ya sukari kana kwamba karani ameichapa kwa vidole. Huo ni uongo usio na madhara. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Kijerumani Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba hata flashi ya kawaida yaweza kubadilishwa ndani ijitangaze kuwa kibodi, kisha ichape amri ambazo mwenye kompyuta hakuzitoa. Kompyuta haikuwa na njia ya kuushuku uongo huo, kwa sababu haikuwa imezoea kutazama matendo. Ilizoea kusikiliza jina.

Nomino haiwezi kuwadanganya wasemaji kwa namna hiyo. Hata ikija na umbo la KI-VI, wasemaji wataitazama, na wakiona kwamba ina pumzi wataipa A-WA. Kwa hiyo mwalimu anayesema kwamba ngeli ya neno ni vile kamusi isemavyo anaigeuza lugha kuwa kompyuta: anasubiri tangazo, badala ya kutazama wasemaji wanalifanyia nini neno hilo.

5. Kasumba ya KI-

Tukiwa na mizani hii, tuzitazame istilahi zenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kampuni ya Microsoft nayo ikaingia katika kazi ya kuitafsiri Windows. Kazi hizo zilistahili sifa, kwa maana zilithibitisha kwa vitendo kwamba lugha hii yaweza kuendesha mashine. Lakini ukiziorodhesha istilahi zilizoenea tangu wakati huo, Tanzania na Kenya pia, utaona mwelekeo mmoja: kipanya, kichapishi, kivinjari, kiolesura, kiendeshi, kicharazio, kipakatalishi. Karibu kila kitu ni ki.

Sababu yaeleweka. KI-VI ni ngeli ya kisu na kijiko, na kifaa chenyewe ni kifaa. Lakini wasemaji wa mtaani, wakipewa nafasi ya kuchagua, wamesema printa imekwama, chaja imeungua, flashi imepotea, simu imezima. Wamevipokea vifaa hivi katika I-ZI, ngeli isiyo na plagi, ambayo tangu zamani imekuwa sebule ya maneno ya kigeni. Mwunda istilahi amevaa dhana ya Ashton: kwa kuwa maana yake ni chombo, umbo lake na liwe la chombo. Amerudi kwenye plagi pana ya pini 25.

Hasara yake si ya masikio tu. Chukua kiendeshi. Limetokana na kuendesha, nalo latumika kwa programu inayokiongoza kifaa. Lakini sehemu inayoizungusha diski nayo huendesha, na hiyo pia imepewa jina la kiendeshi. Basi fundi anayesema kiendeshi kimeharibika hajasema kama tununue kipande cha chuma au tupakue programu. Kiambishi ki kimesema "chombo" mara mbili, na hakikutenganisha kitu. Watu wa mtaani waliokopa neno dereva bila ya kuuliza ruhusa wana sentensi yenye nguvu zaidi: dereva ya printa imekosekana. Kwa kuwa dereva wa matatu ni A-WA, na hii ni I-ZI, upatanisho peke yake umeondoa utata, kama ulivyofanya kwa spika na kwa kipanya. Hatusemi kwamba kiendeshi lifutwe. Twasema kwamba aliyeliunda hakuliweka ndani ya sentensi kabla ya kulitoa.

6. Kundi la nyumbani

Orodha ya makundi ya USB ina namba moja ya ajabu mwishoni: 255, inayoandikwa FF. Maana yake ni kwamba mtengenezaji amejiwekea kanuni zake. Kifaa cha FF si kibovu wala si haramu. Kanuni yenyewe imekitambua. Ila hakifanyi kazi bila ya programu ya mwenyewe.

Mjini Nakuru, na katika Bonde la Ufa la kati kwa jumla, tunayo ngeli ya FF. Katika vibanda vya simu husikika kaflashi kangu kamepotea, na wingi wake, tuflashi twangu tumepotea. Kiambishi ka na wingi wake tu havimo katika orodha za ngeli za Kiswahili sanifu, ambacho hudunisha kwa KI-VI. Vimo katika Kigikuyu na katika Kikamba. Vimo pia katika Kiswahili cha Kongo mashariki. Na Meinhof alivipa namba 12 na 13 katika orodha yake ya Kibantu. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba mjini humu havisemwi na Wagikuyu pekee. Kijana aliyelelewa katika Kikalenjin, lugha isiyo ya Kibantu na isiyo na ngeli za namna hii, huvitumia pia, na upatanisho wake haukosei: kaflashi kangu haka kamejaa. Aliyeweza kuupeleka upatanisho katika maneno manne mfululizo ameijua sarufi. Mwalimu aandikaye "hajui ngeli" pembeni mwa sentensi hiyo ameandika jambo lisilo kweli.

Je, twapendekeza KA-TU iingie katika mtihani? La hasha. Lugha sanifu ni makubaliano, na insha rasmi huandikwa ndani ya makubaliano hayo. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mwanafunzi kwamba umetumia kundi la nyumbani mahali pa kundi la wote, na kumwambia kwamba hujui lugha. La kwanza ni fundisho. La pili, kwa mtoto wa eneo hili ambaye mara nyingi Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, ni mlango unaofungwa.

7. Hitimisho

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Makompyuta yalikataa: umbo la wingi ni ma, na kitenzi kikafuata kwa ya. Ndivyo tufanyavyo kwa basi na mabasi, shati na mashati, ambayo nayo yalikuwa wageni. Lugha sanifu imeiweka kompyuta katika I-ZI, naye hakuwa amefuata usanifu huo. Lakini hakukosea upatanisho hata kwa herufi moja. Swali lake, ni nani aliyeiweka, lina jibu: waliiweka wasemaji, kisha kamusi zikaandika uamuzi wa baadhi yao. Wasemaji wengine wangali wanaamua.

Kutokana na haya tuna mapendekezo mawili. Kwanza, kila istilahi mpya ya kifaa itolewe ikiwa na sentensi tatu: moja yenye kitenzi, moja yenye kimilikishi, na moja katika wingi. Istilahi isiyoweza kusimama katika sentensi hizo bila ya kugongana na nyingine irudishwe kwa aliyeiunda. Pili, walimu wafundishe ngeli kwenye viungo vya sentensi, na waanze na maneno yaliyo mfukoni mwa mwanafunzi: simu, chaja, flashi, waya. Orodha ya ngeli ije mwisho, kama muhtasari wa yale aliyokwisha kuyaona.

Alama ile imerudishwa. Pembeni mwa sentensi, mstari mwekundu umebaki, na chini yake mwandishi ameandika kwa kalamu nyingine: katika insha rasmi, kompyuta zilikataa; upatanisho wako ni sahihi.